Kuziba ngazi iliyobomoka kwa zege, bila fundi

Jamani ngazi ya mlango wa nyuma ikimeguka usikimbilie kupaka simenti juu juu, itabanduka tu. Chukua tindo na nyundo utoe vyote vilivyolegea mpaka ufike pagumu, fagia vumbi lote, halafu pamwagie maji palowe.

Vipimo ni ndoo moja simenti, mbili mchanga, tatu kokoto ndogo. Mchanga wa huku Moshi mara nyingi ni ule mweusi, ukiwa na vumbi au udongo uoshe kwanza. Changanya vikavu kwa chepe mpaka rangi iwe moja ndo uanze maji, na hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanamwaga maji kibao ili liwe laini kukoroga na zege linakuja kupasuka. Weka kidogo kidogo, finyanga donge mkononi, likikaa bila kuchuruzika maji basi limeiva. Vaa glovu, simenti mbichi inaunguza ngozi kweli.

Pakaa uji wa simenti (simenti na maji tu) pale ulipotindua, mwaga zege juu yake uji ukiwa bado mbichi, ndani ya lisaa tangu ulikoroge, shindilia kwenye kona, sawazisha kwa mbao. Funika na gunia bichi, mwagilia asubuhi na jioni siku 7.