Kufundisha fluti mwanafunzi mmoja mmoja: anza na wimbo alio nao

Nawaandikia walimu wenzangu mnaofundisha fluti majumbani. Vitabu vingi vya kuanzia vina mpangilio mmoja kwa wote, na shuleni, penye watoto thelathini, mpangilio huo unasaidia. Kwako amekuja mtu mmoja. Somo limfuate yeye.

Hatua ya 1: Muulize, kisha nyamaza

Kabla hamjafungua sanduku la ala, mwombe akuimbie kitu anachokipenda. Mtoto wa kwaya atakupa pambio, mwingine kasida, mtu mzima pengine taarabu aliyokuwa akiisikia kwa mama yake. Msikilize mpaka mwisho bila kusahihisha. Angalia anapumua wapi, sauti yake inapanda hadi wapi, mapigo anayashika au yanamponyoka. Mzazi akimjibia mtoto, mwombe kwa adabu amwachie mwenyewe ajibu. Mtu mzima muulize pia ratiba yake: anayefanya kazi zamu za usiku hawezi kupewa mazoezi sawa na ya mwanafunzi wa sekondari.

Hatua ya 2: Kichwa cha fluti peke yake

Fluti ina vipande vitatu: kichwa, mwili na mguu. Siku ya kwanza mpe kichwa tu. Bamba la mdomo likae chini ya mdomo wa chini, na mdomo huo ufunike kama robo au theluthi ya tundu. Apulize hewa nyembamba kuelekea ukingo wa mbele wa tundu, sehemu iingie ndani na sehemu ipite juu.

Hapa ndipo walimu wengi huanza kumshika mwanafunzi kidevu na kumpanga midomo. Naomba usifanye hivyo. Midomo ya watu haifanani, na pembe inayokufaa wewe inaweza kumnyima yeye sauti. Mpe kioo, mwambie akizungushe kichwa cha fluti ndani kidogo, nje kidogo, mpaka asikie sauti imejaa. Akiipata, muulize: "Umebadilisha nini?" Jibu lake, hata likiwa la kubahatisha, ndilo atakalokwenda nalo nyumbani.

Kisha aizibe ncha ya wazi kwa kiganja: atapata noti ya A, kwa kukadiria. Akiiacha wazi, itapanda karibu oktava nzima. Akiingiza kidole na kukitoa polepole, sauti itateleza juu na chini, na watoto huweza kuufuatilia wimbo kwa njia hiyo kabla ya kujua funguo hata moja. Akisema kichwa kinamzunguka, mkalishe, aweke ala chini. Fluti hunywa hewa nyingi, na anayeanza hupuliza kupita kiasi.

Hatua ya 3: B, A, G

Sasa unganisha ala. B ni kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, pamoja na kidole kidogo cha kulia kwenye ufunguo wake. Ongeza kidole cha kati, unapata A. Ongeza cha pete, unapata G. Aliyelelewa na solfa ya kwaya tayari anazo noti hizi sikioni: ukiifanya G kuwa do, hizo ni mi, re, do. Mwambie hivyo! Kisha chukua kipande cha wimbo alioimba siku ya kwanza, ukihamishie hapo. Noti zikipungua, mcheze pamoja: yeye zake tatu, wewe zilizobaki.

Fluti ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 67. Mtoto mwenye mikono mifupi anahitaji kichwa cha fluti kilichopinda. Kama hakipatikani, abaki hatua ya 2 na kuimba. Kumnyoosha mikono kwa nguvu kunaumiza mabega.

Hatua ya 4: Kosa moja kwa somo

Akimaliza kupiga, aseme yeye kwanza: palipompendeza, palipomsumbua. Mara nyingi atakitaja kile ulichotaka kukisema. Chagueni jambo moja tu la kurekebisha. Mrekodi kwa simu mwanzoni na mwishoni mwa somo, asikilize tofauti kwa masikio yake.

Hatua ya 5: Mazoezi ya nyumbani

Mwache achague mawili kati ya matatu unayompendekezea, ayaandike mwenyewe kwenye daftari. Dakika kumi kila siku zinafaa kuliko saa nzima Jumamosi, kwa sababu misuli ya midomo huchoka upesi.

Hatua ya 6: Nota na mitihani

Nota, yaani muziki ulioandikwa, zije pale wimbo unapokuwa mrefu kiasi cha kusahaulika. Hapo mwanafunzi ataziomba. Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, yenye madaraja mpaka la 8, inawafaa wanaopenda kuwa na lengo la tarehe fulani. Asiyeitaka, mpangie jioni moja apige mbele ya familia yake, nyimbo azichague yeye, na mzazi umweleze mapema kwa nini mmeamua hivyo.