Namna ya kuchagua risasi ya magnum kwa wanyama wakubwa wa Tabora

Wawindaji wengi wanaokuja huku kwetu huulizia kwanza risasi ya magnum (yenye baruti nyingi kuliko za kawaida) iliyo na kasi kuliko zote. Kwenye miombo ya Sikonge na Kaliua ningeanza kwingine.

Hatua ya 1: Soma leseni yako. Kama kuna nyati, hakuna mjadala: kwa wanyama hatari kaliba (upana wa mtutu kwa inchi) ya chini inayoruhusiwa ni .375. Kama ni kongoni, nyamera na palahala tu, .300 Winchester Magnum inatosha na kubaki. Pofu dume ni mzito, mimi ningempelekea .375.

Hatua ya 2: Pima umbali wa kweli. Ndani ya miombo nyati hupigwa mita 40 hadi 80, na kwenye matete ya Moyowosi ni karibu zaidi. Kichwa chepesi cha risasi (ile ncha inayoruka) kinachotoka kwa mita 900 kwa sekunde kikigonga mfupa wa bega umbali huo, kinaweza kupasuka kabla hakijafika moyoni. Hapo uzito na uimara wa kichwa ndivyo vinavyofanya kazi.

Hatua ya 3: Chagua kati ya hizi tatu. .375 H&H Magnum ya mwaka 1912 hurusha kichwa cha greni 300 (gramu 19.4) kwa mita 770 hivi kwa sekunde. .416 Rigby ya 1911 hurusha greni 400, na .458 Winchester Magnum ya 1956 hurusha greni 500. Zote zinaua nyati. Ule mkanda kwenye kitako cha ganda la .375 na .458 usikubabaishe, kazi yake ni kuiweka risasi sawasawa kwenye chemba, hauongezi nguvu.

Mimi humshauri mgeni achukue .375. Sababu kubwa ni hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Jipime na teke, yaani msukumo wa bunduki begani inapofyatuka. Mpe mwenzako bunduki akujazie magazini bila wewe kutazama, achanganye risasi bandia moja au mbili. Lenga, vuta kifyatulio taratibu. Ikifika ile bandia, mwenzako autazame mdomo wa mtutu: ukishuka ghafla, au wewe ukifumba macho, basi unaliogopa teke. Kwa .458 hilo huwapata hata wanaume wa miraba minne, na hawakubali mpaka uwaonyeshe video ya simu. Ukishindwa, shuka kaliba. Nyati aliyepigwa tumbo kwa .458 atakusubiri kichakani, na wanaomfuata huko ni mwindaji bingwa na vijana wanaosoma nyayo.

Hatua ya 5: Chagua kichwa cha risasi. Risasi ya kwanza iwe ya ncha laini, ile ambayo madini ya risasi ya ndani yamegandishwa na koti lake la shaba. Zinazofuata ziwe ngumu, zisizotanuka, maana mnyama atakuwa anakimbia amekupa mgongo. Ngumu usiipige kundini: hupita moja kwa moja ikajeruhi wa nyuma.

Hatua ya 6: Rekebisha darubini kwa risasi zilezile utakazowindia. Laini na ngumu, hata za uzito mmoja, zinaweza kugonga mahali tofauti, kwa hiyo zijaribu zote mbili kwenye shabaha ya mita 50. Mashirika mengi ya ndege hukubali kilo 5 tu za risasi kwa abiria, na mzigo ukipotea njiani, .375 ndiyo rahisi kuazima kambini.