SOMO: Kupata wageni wa moja kwa moja kupitia websaiti yako (nyumba za wageni Diani na pwani kwa jumla)

Haya jamani, wengi mmeniuliza hii habari, sa nimeona niiandike yote mahali pamoja. Somo ni la mwenye nyumba moja au mbili, vila, koteji, apatimenti, si la hoteli kubwa. Mifano ni ya Diani manake ndiko niliko, lakini wa Watamu au Kilifi atachukua yanayomfaa.

Tuanze na hesabu. Nyumba ya sh 8,000 kwa usiku, mgeni akilala siku tano ni sh 40,000. Booking.com kwa kawaida inakata kama asilimia 15, yaani sh 6,000 zimeenda, na Airbnb kwa wale ambao komisheni yote inabebwa na mwenye nyumba ni humo humo. Sisemi utoke huko, la, kaa huko huko, mgeni asiyekujua huko ndiko atakakokuona kwanza. Lakini fikiria kitu kimoja: kikundi cha watu sita kikija kutoka Nairobi, aliyebuki ni mmoja tu. Wale watano hawajawahi kuona hata tangazo lako, wamelala, wameogelea, wamependa, na wakirudi nyumbani kila mmoja ana ndugu na marafiki na chama chake cha kina mama kinachotaka kushuka pwani Desemba. Hao ndio soko la websaiti yako, hao na watakaosimuliwa na hao.

Hatua ya 1: Jina

Jina la nyumba liwe moja kila mahali, Booking, Airbnb, Instagram, kibao cha getini, na liwe jina ambalo mtu akiligugo unatokea wewe peke yako. Ukiita nyumba yako Ocean View Villa basi umejificha mwenyewe, zimejaa dunia nzima. Kuna watu wengi tu ambao wakiona nyumba kwenye Booking wanafungua Google kuandika jina lake kuona kama ina websaiti yake, huyo usimpoteze. Kisha nunua anwani ya jina hilo hilo, ya .co.ke ni sawa kabisa, na uisajili kwa jina lako na imeili yako, si ya fundi aliyekutengenezea websaiti, manake siku mkikosana anaondoka nayo.

Hatua ya 2: Mtoe mgeni woga

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo someni polepole. Mgeni wa Nairobi anayeombwa dipoziti ya nyumba ya Diani anaogopa, na ana haki. Ashasikia za watu waliotuma pesa kwa nyumba ambayo haipo, picha zimeibwa mahali, wanafika saa tatu usiku na watoto wamelala kwenye gari, askari wa geti anawaambia hapa hamna vila ya jina hilo. Sasa websaiti yako kazi yake ya kwanza ni kumwonyesha kwamba nyumba ipo, wewe upo, na yaliyoandikwa ni kweli. Urembo baadaye.

Piga video ya simu, mkono mmoja bila kukata, anza barabarani kwenye kibao, ingia getini, sebuleni, jikoni fungua friji, chooni fungua bomba maji yatoke, maliza barazani. Haina haja ya muziki. Mwizi wa picha hawezi kuitengeneza hiyo video. Weka pia namba ya leseni yako ya TRA (mamlaka ya kusimamia utalii Kenya) na kibali cha biashara cha kaunti, na kama huna anza na hiyo kabla ya websaiti.

Halafu sema ukweli wa nyumba yako. Wengi wetu Diani maji ni ya kisima na yana chumvi, sema hivyo, sema maji ya kunywa unayaweka ya chupa kubwa. Sema kima wanaingia jikoni ukiacha dirisha wazi. Sema ufuo ni dakika ngapi kwa miguu na unapita njia gani, manake "karibu na bahari" kila mtu anaandika, hata aliye upande wa Ukunda, mbali na bahari. Stima ikikatika kuna nini, jenereta, sola, au taa za kuchaji tu? AC iko vyumba vyote au kimoja, na stima yake analipa nani? Haya maswali ndiyo yanayokujia WhatsApp kila siku, yakijibiwa kwenye ukurasa mtu anafika kwako akiwa amebakiza kuuliza tarehe tu.

Picha zikitoka kwenye simu moja inaweza kuwa MB 4, ukipanga ishirini hivyo ukurasa haufunguki kwa bando la mtu aliye kwenye matatu. Zipunguze zote ziwe chini ya KB 300.

Hatua ya 3: Bei na kitufe cha WhatsApp

Andika bei. Jamani andikeni bei, hii ya "njoo inbox" inafukuza watu, na kwa mtu mwenye woga inazidisha woga. Weka bei ya kawaida, ya Pasaka, ya Agosti na ya Krismasi hadi mwaka mpya, na ya masika miezi ya Aprili na Mei ukipenda kushusha. Sema dipoziti ni kiasi gani na akighairi anarudishiwa nini, kwa siku ngapi.

Kitufe cha WhatsApp unakitengeneza kwa linki ya wa.me/254 kisha namba yako bila sufuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Baada ya namba unaweza kuongeza ?text= na maneno tayari kama "Habari, naulizia tarehe ___ hadi ___, watu ___", akibonyeza ujumbe umeshaandikwa anajaza tu. Na ujibu haraka, mtu wa WhatsApp ameandikia nyumba tatu kwa pamoja, wa kwanza kujibu vizuri ndiye anayepata.

Hatua ya 4: Kalenda

Airbnb na Booking zote zina linki ya kalenda inaitwa iCal, unaikopi huku unaibandika kule, na kwenye websaiti yako vile vile, tarehe zikijazwa mahali pamoja zinafungwa kwingine. Lakini haifanyiki papo hapo, inaweza kuchukua masaa. Kwa hiyo ukipokea dipoziti ya moja kwa moja, kabla hujaandika hata asante, ingia kote ufunge tarehe kwa mkono. Wageni wawili getini usiku mmoja wa tarehe 24 Desemba ni balaa ambalo hakuna atakayekusamehe.

Hatua ya 5: Malipo

Kwa wageni wa ndani M-Pesa inatosha, lakini iwe Till au Paybill yenye jina la biashara, isiwe namba ya mtu. Mgeni akilipa, ile huduma ya M-Pesa inayoitwa Hakikisha inamwonyesha jina kabla pesa haijatoka, na jina likiwa ndilo lile la websaiti na la kibao moyo unatulia. Kwa kikundi kikubwa kumbuka muamala mmoja wa M-Pesa haupiti sh 250,000, wagawe malipo. Kwa wageni wa nje weka malipo ya kadi, kampuni za Pesapal na DPO zote zinafanya kazi huku kwetu. Yana makato yake ila ni madogo sana ukilinganisha na ile 15. Pesa ikiingia tuma risiti yenye tarehe, idadi ya watu, kilicholipwa na kilichobaki.

Hatua ya 6: Andika wanachotafuta watu

Hakuna anayegugo jina la nyumba asiyoijua. Watu wanatafuta "kutoka Mombasa terminus hadi Diani", basi waandikie ukurasa wa hilo. Treni ya SGR inashukia Miritini, ukiwa na gari au teksi unaweza kupita barabara ya Dongo Kundu usiguse feri, ukitumia matatu utavuka Likoni na kwa miguu feri ni bure. Tiketi ya daraja la kawaida kutoka Nairobi ni sh 1,500 tangu Januari 2024, na ikibadilika ubadilishe ukurasa wako siku hiyo hiyo. Ukurasa mwingine wa Wasini na pomboo wa Kisite, mwingine wa Shimba Hills, ambako ndiko peke yake Kenya utamwona palahala (aina ya swala mkubwa), mwingine wa Kaya Kinondo na adabu za kuingia msitu wa wazee. Andika wewe mwenyewe unavyopajua, usikopi, mgeni anajua aliyefika na asiyefika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Watamu): Dada asante kwa somo. Sasa mgeni amenipata Airbnb halafu ananiambia nimpe bei ya nje, nifanyeje?

Jibu: Usikubali ndugu yangu. Airbnb hairuhusu kumtoa mgeni nje ya mfumo wao, wala kumshawishi abuki nje safari nyingine, akaunti inaweza kufungwa, na yeye mwenyewe anapoteza ulinzi wa pesa yake. Aliyekuja kwa mlango huo mhudumie kwa mlango huo. Jina la nyumba liko kwenye kibao, marafiki zake wataliona.

Swali (Nyali): Mi nimejaribu kuweka apatimenti yangu kwenye Google Maps wameikataa mara mbili, shida nini?

Jibu: Google hawaruhusu nyumba ya likizo ya kukodisha isajiliwe kama biashara, hiyo ni kanuni yao. Gesti au bedi na breakfast yenye watu wa kupokea wageni inakubaliwa. Wewe weka kwenye websaiti ramani yenye pini, na ukishalipwa umtumie mgeni Plus Code (kodi fupi ya Google ya kuonyesha mahali), dereva yeyote ataifungua.

Swali (Malindi): Naweza kuuza rahisi kwenye websaiti yangu kuliko Booking?

Jibu: Soma mkataba wako kwanza kaka, kuna mikataba inayokataza kutangaza bei ya chini. Huko Ulaya Booking waliondoa sharti hilo mwaka 2024 kwa sababu ya sheria ya soko la dijitali, usidhani na lako limeondoka. Mimi naacha bei ile ile naongeza kitu, aliyebuki kwangu moja kwa moja anachukuliwa uwanja wa ndege wa Ukunda bure na anatoka saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi. Watu wenye watoto wanapenda hiyo kuliko punguzo.

Swali (Jambiani, Zanzibar): Na sisi huku ambao wageni wetu ni Wataliano na Wapoland?

Jibu: Hatua ni zile zile, ila kadi ndio kila kitu, na ukurasa mkuu uwe na Kitaliano na Kipolandi kilichosomwa na mzawa wa lugha. Andikeni habari ya maji kupwa na kujaa, huko kwenu yakitoka yanakwenda mbali sana na mgeni asiyeambiwa anahisi ametapeliwa, weka jedwali la kila mwezi. Na waambie mapema kuhusu ile bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, wailipe kabla ya safari wasije wakasumbuka uwanjani.

Swali (Kilifi): Namba na imeili za wageni wa zamani nimezihifadhi miaka, naweza kuwatumia matangazo?

Jibu: Wale waliobuki kwako moja kwa moja na wakakubali, ndio. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu, kwa hiyo kwenye fomu ya kuingia weka sehemu ya kutia alama kama anataka kupata habari zako. Wa Airbnb na Booking usiwaguse. Na kopi za vitambulisho usizihifadhi kwenye simu ya keateka, hilo nakuomba sana.