Kabla hujaenda kupiga picha msalaba wa Kikelti, panga saa kwanza, kamera baadaye

Kama uko Dublin au unakuja huku likizo na umepania kwenda Monasterboice, monasteri ya kale kaskazini mwa Dublin, kuupiga picha ule msalaba mkubwa wa jiwe wa Muiredach, swali la kwanza ni utafika pale saa ngapi. Nimeona watu wametoka mbali na vifaa vya maana begani wakarudi na picha ya jiwe zuri la njano lisilo na kitu juu yake. Inauma, kwa sababu lile jiwe limejaa watu waliochongwa kuanzia chini mpaka juu.

Vitu vya kawaida nitavitaja haraka. Betri ya akiba, baridi inazimaliza. Kitambaa cha lenzi na mfuko wa plastiki wa kufunika kamera, mvua ya Ireland inakuja bila taarifa. Viatu visivyopitisha maji. Lenzi inayovuta mbali, maana msalaba una urefu wa kama mita 5.5 na ukiusogelea na lenzi pana ukaelekeza kamera juu unatoka kama unaanguka kwa nyuma, kwa hiyo rudi nyuma, vuta.

Hakikisha pia unachokwenda kupiga ndicho chenyewe. Clonmacnoise, monasteri nyingine ya kale hapa Ireland, misalaba mikubwa inayosimama nje ni nakala, ya asili imehamishiwa ndani kuikinga na hali ya hewa, na watu kibao wanapiga ya nje halafu wanaiposti wakisema ina miaka zaidi ya elfu moja. Ingia ndani, na uliza mapema kuhusu stendi ya kamera na flashi, usibishane na wafanyakazi wa pale. Kisiwa cha Iona kule Uskochi hivyohivyo, msalaba wa Mtakatifu Yohana uliopo nje ni nakala ila wa Mtakatifu Martin ni wenyewe, umesimama palepale tangu karne ya 8. Wa Muiredach nao ni wenyewe, uko nje unanyeshewa tangu mwanzoni mwa karne ya 10 mpaka leo.

Sasa hapa ndipo pa kusoma vizuri. Misalaba hii mingi uso mmoja unatazama mashariki na mwingine magharibi. Na kila video ya kufundisha picha inakwambia piga asubuhi na mapema au jioni jua likiwa la dhahabu. Kwa picha za mandhari, sawa. Kwa jiwe la kuchongwa ushauri huo unakuharibia safari.

Jamaa yangu mmoja anaishi Manchester, alikuja mwezi wa 6, alikuwa ameahidi picha kwa ajili ya kalenda ya kanisa lao. Alichokitaka zaidi ni upande wa magharibi, kile kipande cha chini ambapo Yesu anakamatwa, yuko katikati ya askari wawili wenye masharubu na silaha mkononi, na chini yao kwenye kitako cha shina kuna paka wawili na maandishi ya Kiairishi cha kale yanayoomba Muiredach aombewe kwa kuwa ndiye aliyefanya msalaba utengenezwe. Akajipanga saa kumi na mbili jioni. Mwezi wa 6 saa hiyo jua la huku liko magharibi kabisa na bado liko juu, yaani linaupiga ule uso moja kwa moja, hakuna kivuli hata kidogo, na nakshi bila kivuli haionekani. Kwenye kioo cha kamera rangi ilikuwa tamu, akafurahi, tukaondoka. Usiku anafungua kwenye kompyuta: masharubu hamna, paka wamekuwa vinundu viwili, maandishi yamefutika kabisa. Ndege yake ilikuwa asubuhi. Alikaa kimya muda mrefu sana yule, na kalenda ikatoka na picha ya mnara mrefu wa mawe ulio palepale.

Mwanga unaotakiwa ni wa ubavuni, unaopita juu ya jiwe kama unalifuta. Kwa msalaba unaotazama mashariki na magharibi hiyo inatokea jua likiwa karibu na kusini: kabla kidogo ya hapo piga uso wa mashariki, baada kidogo piga wa magharibi. Na usidanganyike na saa ya ukutani, Ireland iko magharibi na wakati wa kiangazi wanasogeza saa mbele, kwa hiyo jua linafika kusini kwenye saa saba na nusu mchana, sio saa sita. Majira ya baridi ni kama saa sita na nusu. Fika mapema, simama, piga kila baada ya dakika chache, utaona askari wanatoka kwenye jiwe mmoja mmoja. Mwanzoni kabisa kingo za jiwe zinazozunguka kila kipande zinaziba sura zao kwa kivuli, subiri kidogo.

Ukikosa saa hiyo, au kuna mawingu (na yatakuwepo), beba mwavuli mkubwa mweusi na flashi isiyofungwa kwenye kamera. Mwenzako akinge kipande unachotaka, wewe weka mwanga pembeni kabisa karibu usawa wa jiwe. Hata tochi nzuri inatosha kukishaanza kuingia giza. Mawingu yenyewe yanafaa kama unapiga picha nyingi zinazopishana za kutengeneza modeli ya 3D, hapo jua kali ndilo linakusumbua.

Na usiguse. Chaki usipake, maji usimwagie, yale madoa ya kijivu na meupe yaliyoota kwenye jiwe usiyakwangue, yanatoka na ngozi ya jiwe. Kuharibu kumbukumbu ya kihistoria ya taifa huku ni kosa la jinai. Usipande kwenye kitako ili usogee. Pale ni makaburini na watu bado wana ndugu zao pale, stendi usiisimamishe juu ya kaburi, ukikuta maziko kamera irudi begini. Droni usirushe bila kibali. Geti lifunge ukitoka, na begi la kamera usiliache kwenye siti likionekana dirishani.