Kunasa nyenze wa miombo kwa ulimbo

Nyenze ninayemzungumzia ni Ioba leopardina, yule mdudu mkubwa wa misitu ya miombo. Huku Malawi tunamwita nyenje, na ni kitoweo kinachopendwa sana.

1. Pata ulimbo, yaani gundi ya kunasia. Sisi tunatumia utomvu wa Ficus natalensis, mti uleule ambao Waganda wanauita mutuba na kutengenezea nguo za magome. Chanja gome kidogo, kinga utomvu mweupe, uache ugande hadi uvutike. Usichanje shina kulizunguka lote, mti utakufa. Wala usijiguse machoni, utomvu unawasha vibaya mno.

2. Kata tete refu au bua la mabingobingo. Paka ulimbo kwenye ncha tu. Ukipaka mwingi utazoa majani na magome njiani.

3. Mtafute. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Anayelia ni dume, kwa vigoma viwili vilivyo ubavuni mwanzoni mwa tumbo, na tumbo lenyewe lina uwazi unaokuza sauti. Unaweza kudhani msitu mzima unalia. Chagua sauti moja uifuate hiyohiyo. Akinyamaza, amekuona: simama palepale, usitikisike hata kidogo. Mpe muda, ataanza tena. Rangi yake inafanana na gome, kwa hiyo mimi sitazami katikati ya shina. Natazama ukingoni, pale shina linapokutana na mwanga wa anga. Kinundu kilichotokeza, ndiye huyo.

Ukimwona mwingine karibu yake, kimya, huenda ni jike aliyefuata wito. Tafadhali mwache. Atapasua vijiti vya matawi na kutaga humo, kisha watoto wataingia ardhini na kukaa muda mrefu wakifyonza mizizi. Nyenze wa miaka ijayo wanatoka kwa huyo.

4. Inua tete polepole kutoka chini, nyuma yake, uguse mabawa. Usilenge kichwa. Mabawa yakishanata hawezi kuruka. Mshike kifuani umbandue. Akikurushia maji usishtuke, ni maji ya mti aliyoyafyonza.

5. Ng'oa mabawa, ulimbo utatoka nayo, kisha miguu. Osha, tia chumvi, kaanga bila mafuta hadi wakauke. Anayedhurika akila kamba wa baharini asionje, nyenze naye anaweza kumdhuru vilevile.