Mchunga na wenzake: kuchuma mboga za mwitu nyuma ya Malindi

Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, usikimbilie kondeni na kikapu siku ya pili. Mchanga wa huku kwetu Ganda, nje ya Malindi, huyanywa maji yale ya mwanzo ukayamaliza, na kinachochipuka wiki ya kwanza ni vijani viwili viwili visivyotambulika hata na mzoefu. Ngoja. Hesabu siku kumi na tano, hata ishirini, mvua ikiendelea kurudi. Hapo mchunga utakuwa umetoa majani ya urefu wa kiganja, na mchicha wa mwitu u laini hadi shina lake laliwa.

Nimechuma mboga hizi tangu nikiwa na miaka sita, nikimfuata hawe yangu aliyenizalia baba. Hadi leo nachuma za nyumbani kwangu, na zinazobaki hupeleka sokoni Malindi nikaziuza kwa mafungu. Binti wa kaka yangu, aliyezaliwa na kulelewa mjini, alikuja juzi tukasimama ukingoni mwa shamba la muhogo. Akaniambia, "Shangazi, mimi hapa naona nyasi tu." Maneno yale yaliniuma. Si kosa lake, hakuna aliyemwonyesha. Basi namwandikia yeye, na yeyote mwingine anayeona nyasi tu.

Jifunze mmea mmoja kwanza, usichanganye. Hawe alinipa msimu mzima wa mchunga peke yake kabla hajaniruhusu kutia kikapuni kitu kingine. Nami naona alifanya sawa. Mchunga, au mutsunga kama tunavyosema Kigiriama, ndio mboga ya mtu wa Pwani: mchungu, na wenye kuuzoea hawaoni mboga nyingine. Una alama nne, na zote nne lazima zikubaliane.

Ya kwanza ni jani. Ni refu, jembamba, limekatwakatwa pembeni kama lina pembe ndogo, halina manyoya, na ukijani wake umefifia kama limepakwa majivu. Ya pili ni utomvu: ukikata jani au shina, yanatoka maziwa meupe mara moja na kunata vidoleni. Ya tatu ni mahali. Mchunga unapenda shamba lililolimwa, mchanga uliochokorwa, katikati ya mahindi na muhogo. Na hauoti mmoja mmoja, huota kundi, kwa sababu mizizi yake hutambaa chini ya ardhi na kuchipua huku na huku. Ndiyo maana mkulima anaulima leo na wiki ijayo anaukuta tena. Ya nne ni ua. Ni dogo, la manjano, na likikauka huacha mbegu zenye sufi nyeupe zinazopeperuka na upepo. Mara ya kwanza utafute wenye ua, hata kama majani yake yameanza kukomaa, uuangalie vizuri, kisha urudi kwa machanga.

Usiutegemee utomvu mweupe peke yake. Mziwaziwa nao hutoa maziwa, nao uko kila njia. Lakini mziwaziwa hutambaa chini, majani yake ni madogo, yamekaa mawili mawili yakitazamana, na mara nyingi shina lina wekundu. Huo si mboga, na maziwa yake yakiingia jichoni utajuta. Alama nne, nimesema. Tatu hazitoshi.

Msimu wa pili chukua mnavu. Jani lake ni pana kiasi, laini, la kijani iliyokolea, ua ni jeupe dogo lenye kitovu cha manjano, na vitunda vyake hukaa kishada, vidogo kama punje za pilipili manga. Vitunda vibichi vya kijani usile wala usivitie chunguni, vina sumu. Chuma ncha za majani tu. Hapa ndipo nataka usome polepole, maana mnanaha nao huota palepale, kwenye mazizi ya zamani na majalala. Ukiwa mchanga, mtu mwenye haraka anaweza kuuvuna pamoja na mnavu. Sugua jani kati ya vidole: mnanaha una harufu mbaya inayokirihisha. Angalia na mimea mikubwa iliyo jirani. Ukiona ua jeupe refu kama tarumbeta, au tunda la mviringo lililojaa miiba, toka hapo kabisa, usichume chochote kwenye eneo lile. Aliyekula mnanaha hukauka koo, mboni za macho hutanuka, huweweseka. Huyo hapewi maziwa wala dawa ya nyumbani, anakimbizwa hospitali, na tawi la mmea uliochumwa libebwe ili daktari alione.

Hao wawili ndio wachungu zaidi. Wapole ni rahisi zaidi. Mchicha wa mwitu wajulikana na wengi. Ule wenye miiba kwenye vifundo nao huliwa ukiwa mchanga, ila utakuchoma. Tsalakushe ina ua jeupe lenye doa la zambarau kwenye mdomo wa chini, hupenda kivuli cha minazi na mikorosho, na haina ladha kali, kazi yake ni kuongeza wingi na kupoza uchungu. Mrenda utautambua kwa kitu kimoja kizuri sana: chini ya jani, pale linapokutana na kikonyo, pana nyuzi mbili nyembamba kama masharubu ya kambare. Uchume kabla haujatoa maganda, kwa kuwa mbegu zake ni sumu. Mwangani una uchungu wake, una vijani vitano kama vidole vya mkono, unanata na kunuka kwa namna yake. Wengine hawaupendi. Mimi naupenda.

Sasa mahali pa kuchuma, na hili nililijua kwa kuumia. Miaka michache iliyopita nilipita kwenye shamba moja kando ya barabara, nikakuta mchunga umestawi vizuri kuliko popote. Mwenyewe hayupo. Nikachuma. Majani ya pembeni yalikuwa yamejikunja kidogo, nikadhani ni jua. Usiku ule mimi na kitindamimba wangu tulitapika hadi alfajiri. Kumbe siku mbili kabla shamba lilikuwa limepigwa dawa ya kuua magugu. Kwa mkulima, mchunga ni gugu. Ndio unaolengwa na dawa. Tangu siku hiyo sichumi shamba ambalo sijauliza, na likiwa limepigwa dawa siligusi msimu mzima, hata yachipue majani mapya mazuri namna gani. Usichume pia kando ya barabara kuu ambapo moshi na mafuta ya magari hutua, wala mteremko wa choo au jalala. Na kingo za mto Sabaki zina mchicha mnene, lakini zina mamba. Mboga si kitu cha kufia.

Kwa hiyo piga hodi. Huku kwetu mwenye shamba hamnyimi mtu mchunga, mara nyingi hufurahi umempunguzia palizi. Lakini kuingia bila salamu ni kuvunja heshima, na ukibisha hodi ndipo utapata la kuuliza: "Mzee, hapa mmepiga dawa?" Msitu wa Arabuko-Sokoke ni wa serikali, una walinzi na una ndovu, usiingie kuchuma bila kibali cha ofisi ya misitu. Na misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, iache kama ilivyo. Wazee wanaitunza, na hata kijiti hakitoki mle bila idhini yao.

Toka asubuhi umande ukishakauka. Majani yaliyochumwa na maji huwa meusi kikapuni kabla hujafika nyumbani. Chukua kikapu cha miaa kinachopitisha hewa, leso ya kufunikia, na fimbo ya kupapasa nyasi mbele yako, maana moma hulala tuli na hakimbii akisikia nyayo. Chuma kwa ukucha wa gumba, vijani vitatu vinne vya juu pamoja na ncha. Likikatika kwa mlio, ni changa. Likivutika kama uzi, limekomaa, liache. Using'oe. Mchunga uliokatwa ncha hutoa vichipukizi pembeni ndani ya wiki moja, nawe utarudi. Kila kundi acha zaidi ya nusu, na yenye maua iache imwage mbegu.

Kiangazi mboga hizi hupotea, na tuna mengine ya kuokota: kunazi chini ya miti yake, ukwaju, ubuyu wa kuangushwa kwa upembo. Ukame wa 2022 watoto wengi wa huku walishinda na ubuyu na uji. Lakini hayo yana namna yake, na hapa nataka tufike jikoni.

Kikapu kilichojaa hadi ukingoni kinalisha watu watano, sita, usishtuke kikinywea. Chambua juani, jani moja moja, uteo mapajani. Hapo ndipo unapolikamata jani geni ulilolichuma bila kujua, na jani usilolijua hutupwa, halijadiliwi. Osha maji matatu, kwa sababu mchanga wa Ganda haukubali maji mawili.

Chemsha maji kwanza. Tia mchunga na mnavu peke yake, bila kifuniko, dakika kumi hivi. Mwaga maji yote ukiwa mgeni wa uchungu, nusu ukiwa mzoefu. Kisha tia mchicha na tsalakushe. Mrenda mwisho kabisa, konzi moja tu, ukizidisha yote yatakuwa kamasi. Uwiano wangu ni sehemu moja ya mboga chungu kwa sehemu mbili za mboga pole. Watu wa mjini wakila sahani yao ya kwanza wakasema mchunga haulagiki, mara nyingi waliupika peke yake.

Sasa ni kukuna nazi. Ikune moja kubwa iliyokomaa, kamua tui zito uliweke kando, kisha kamua tui la pili. Kitunguu, nyanya mbili na tui la pili huingia mboga zikishaiva, zichemke hadi maji yakaribie kukauka. Ukiwa na ng'onda, yaani samaki mkavu, mloweke, mchambue, mtie hapa. Halafu moto upunguze, tia tui zito, na usiondoke. Koroga polepole upande mmoja hadi lianze kutokota, lisije likakatika. Mafuta ya tui si ya ladha tu, ndiyo yanayousaidia mwili kupata vitamini A kutokana na majani.

Wapo wanaokunywa maji ya mchunga wakiamini yanatibu malaria. Mtoto akiwa na homa, mpeleke akapimwe. Mchunga mpe akipona, kwa sima.

Pakua ingali moto. Kilichobaki kisilale na tui, huchacha usiku uleule; ukijua mboga ni nyingi, toa sehemu kabla ya kutia tui, ikamue maji, iweke mahali pa baridi. Kesho utaikunia nazi nyingine.