Namna ya kuandika kesi ya mauaji ya Bonane, na watu wacheke

Kila mwisho wa mwaka watu wananiuliza namna natungaka ile michezo ya familia yenye kuuana siku ya Bonane, njo Mwaka Mpya, basi nitaeleza kwa mfano wa ile tulicheza hapa Goma, mashariki ya Kongo, mwenye kutaka achukue.

Hatua ya 1: tafuta urongo mbele ya kutafuta muuaji. Muuaji hakosi kwa familia, lakini urongo wake lazima utoke kwa udongo wa kwenu. Sisi huku tuko na mazuku, ile gazi ya karboni yenye inatoka chini ya lava, yale mawe ya volkano, haina rangi wala harufu, na kwa sababu iko nzito kuliko hewa, inajikusanya kwa mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema, upande wa Mugunga, Bulengo na Lac Vert, mpaka jua na upepo viitawanye. Inaua mbwa, mbuzi na watu. Kwa hiyo mtu akikutwa amekufa ndani ya shimo asubuhi ya tarehe 1, nani atauliza swali? Muuaji wetu anamziba Baba Mkubwa pumzi na mto usiku, anamvuta mpaka kwa shimo nyuma ya nyumba, anarudi kulala.

Hatua ya 2: sababu, na isikuwe ndefu. Baba Mkubwa hana mtoto mwenye familia inajua, iko na parseli mbili za udongo, na usiku wa tarehe 31 anatangaza mezani kama iko na mtoto, kijana fulani, ataenda kumtambua wiki ijayo kwa etasivili, ile ofisi ya serikali ya kuandikisha watoto. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inapea watoto robo tatu ya urithi, mjane, wazazi na ndugu wanagawana ile robo yenye inabaki. Bila mtoto, wanakula yote. Baba Mdogo, ndugu yake, njo muuaji wetu, amefanya hesabu hiyo mbele ata ya kumaliza sambaza yake, wale samaki wadogo wa ziwa.

Hatua ya 3, njo moyo wa kazi: alama lazima kila mtu aione na asiijali. Ndani ya lile shimo muko mbuzi ya Bonane, imefungwa kamba, na muuaji hakuiona, giza limeificha. Asubuhi mbuzi iko nzima, inatafuna. Pua ya mbuzi iko chini kuliko ya mtu, kama kweli kulikuwa mazuku, yeye njo angetangulia kufa! Mtu ya Goma anajua hiyo, lakini Baba Mdogo ametoka Lubumbashi, kule mazuku ni jina tu. Sasa umupandie hiyo mapema: akifika aulize juu ya nini watoto wanakatazwa shimo, Mama Mdogo aanze kumueleza, bugali ifike, maelezo yakatike katikati.

Hapa tulia, usikimbize. Familia yote imesimama pembeni ya shimo na hakuna mwenye kushuka, heshima imekuwa nyingi ghafla: “Kaka, wewe mkubwa, tangulia.” “Hapana shemeji, siwezi kupita mbele yako.” Mbuzi inalia meee kutoka chini. Shangazi anasikiliza kabisa, anasema, “Ile sauti, iko na mafuta ile.” Watu watacheka mbele ya kuelewa kama wamepewa jibu.

Usimchekeshe maiti, ni wazima njo wachekeshe, na polisi wakae mbali mpaka mwisho, OPJ, ule polisi wa upelelezi, akiingia tu mchezo unakuwa wa makaratasi.

Hatua ya 4: weka saa. Mbuzi itachinjwa saa sita, kwa hiyo ushahidi wote utaingia kwa sosi. Mwenye kuelewa awe bi harusi mupya, yule hakuna mtu anamsikiliza mezani, kila akisema “hii mbuzi isichinjwe” wanafikiri hajui kupika. Anaficha kisu, wanaazima kwa jirani, anafungua kamba, watoto wanairudisha. Baba Mdogo naye njo anaharakisha kuchinja kuliko wote, na hajui bado juu ya nini, ni njaa tu. Mimi napenda hapo sana kuliko ata pale anashikwa.

Hatua ya 5, mazoezi. Mbuzi ya kweli usilete, itakula pazia. Chukua mtoto mwenye sauti, mukalishe nyuma, na umwambie alie tu pale mtu mzima anafungua kinywa kusema urongo.